Dhima ya Chombo Kilichoharibika

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfanya mwanadamu khalifa katika ardhi, akamtiishia vilivyomo ndani yake ili avitumie kwa shukurani. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyeshika uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Sura ya masala

Ichukuliwe kuwa mtu anaishi Maskati na watu wake. Kila mwaka nyumba yake huingia vyombo vipya vya umeme, na vya zamani husogezwa stoo. Inapokaribia Ramadhani, jamaa hukodi kontena la kupeleka Unguja mchele, tende na nguo, naye hupata nafasi ya kusafisha stoo yake. Hutia kontenani friji inayofanya kazi, televisheni inayowaka na kuzima, kompyuta mbili ambazo moja haiwaki kabisa, na mfuko wa simu ambazo hakuzijaribu. Juu ya boksi huandika neno moja: sadaka. Nyumba imepata nafasi, na moyo umetulia.

Miezi mitatu baadaye friji inatumika, na aliyeitoa anaombewa dua. Ama televisheni, fundi ameifungua akasema kuwa spea yake haipatikani. Imewekwa nje, ikanyeshewa, kioo kikavunjwa na kutupwa shimoni. Kijana wa jirani, hajatimia miaka kumi na miwili, amekusanya nyaya zote akazitia moto nyuma ya nyumba, karibu na kisima, ili mpira uungue ibakie shaba ya kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Alisimama katika moshi ule kwa muda wa saa nzima.

Hapa ndipo penye swali. Je, dhima ya yule wa Maskati ilikwisha siku kontena lilipoondoka bandarini? Watu wengi hujibu kwa wepesi kuwa imekwisha: alitoa mali yake, alinuia kheri, na mkono wake haukuwasha moto. Jawabu hili lina sura ya haki, lakini linahitaji kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Kilichomo ndani ya chombo

Hukumu ya kitu hufuata ujuzi wa kitu chenyewe. Nguo kuukuu ikitupwa huoza ikawa udongo. Chombo cha umeme sivyo kilivyo. Televisheni za kizamani, zile ziitwazo za chogo, zina risasi ndani ya kioo chake, kiasi cha kilo moja na hata zaidi katika televisheni moja. Vioo bapa vya mwanzo viliangazwa kwa taa zenye zebaki. Baadhi ya betri za zamani zina kadimiamu, na friji za zamani zina gesi ambazo mataifa yalikubaliana tangu 1987, katika Mkataba wa Montreal, kuziondoa katika matumizi. Mpira wa nyaya ukichomwa kwenye moto wa wazi hutoa dioksini, sumu ambayo hukaa katika udongo na katika mafuta ya wanyama kwa miaka mingi.

Risasi ndiyo inayopaswa kumshtua mzazi. Shirika la Afya Duniani limesema kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa hakina madhara. Humdhuru mtoto kuliko mtu mzima, nayo hudhuru akili yake: hupunguza fahamu na uwezo wa kujifunza, na kilichopungua hakirudi. Na Unguja ni kisiwa ambacho watu wake hunywa maji ya ardhini, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mawe ya matumbawe yenye matundu, yanayopitisha maji kwa wepesi. Kinachozikwa juu yake leo huenda kikachotwa kwa ndoo kesho.

Wala si jambo la nyumba moja. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2024 ilieleza kuwa katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia sahihi, yaani kuvunjwa kwa utaalamu na madini yake kurudishwa katika matumizi. Barani Afrika sehemu iliyoshughulikiwa hivyo haikufika asilimia 1. Kwa hiyo anayesema kuwa atakipeleka chombo kibovu Afrika na huko watajua la kufanya, ameegemeza dhima yake juu ya kitu kisichokuwepo.

Mtendaji na msababishaji

Mafakihi wana kanuni mashuhuri: wakikutana mtendaji na msababishaji, hukumu huelekezwa kwa mtendaji. Aliyechimba shimo mahala pake halali, kisha mwengine akamsukuma mtu humo kwa kusudi, wa kuulizwa ni msukumaji. Kwa kanuni hii huenda mtu akasema: aliyechoma nyaya ni kijana, na aliyevunja kioo ni mwengine, aliye mbali ana kosa gani?

Lakini waliotaja kanuni hii ndio hao hao waliotaja mipaka yake. Walisema kuwa aliyechimba kisima katika njia ya watu bila ya idhini, akaanguka mpita njia, dhamana ni ya mchimbaji, hata kama wakati wa kuanguka amelala nyumbani kwake. Walisema pia kuwa mtu akimpa mtoto kisu akishike, kikamponyoka kikamjeruhi, dhamana ni ya aliyempa. Kwani mtendaji akiwa hana ujuzi wa hatari, au hajafikia umri wa kubeba taklifu, kitendo humrejea aliyekiweka chombo mkononi mwake. Na kijana wa nyuma ya kisima ni mtoto, wala hajui kilichomo katika moshi. Anayejua, au anayeweza kujua kwa kuuliza, ni mwenye chombo.

Mahakama za zama hizi nazo zimekutana na maana hii. Katika kijiji cha Owino Uhuru, pembezoni mwa Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi, kikafungwa mwaka 2014 baada ya watu kudhurika na watoto kukutwa na risasi katika damu zao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Dhima haikuwekwa juu ya wenye kiwanda peke yao. Ziliingizwa pia taasisi za serikali zilizopaswa kukisimamia, ingawa hazikuwasha tanuri. Fidia hiyo ilipotenguliwa katika rufaa, Mahakama ya Juu ya Kenya iliirejesha Desemba 2024. Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, kutowasha moto hakumtoi mtu katika dhima. La pili, kurejeleza kwenyewe kukifanywa bila ya amana huua kama kutupa. Kwani kiwanda kile nacho kilikuwa kikirejeleza.

Na hata lau isingepatikana mahakama ya kumhukumu mtu wa Maskati, wanazuoni wametofautisha baina ya hukumu ya kadhi na hukumu iliyo baina ya mja na Mola wake. Kadhi huhukumu kwa dhahiri, na dhahiri ya boksi ni neno sadaka. Mwenyezi Mungu anajua kama aliyelifunga alitaka kumfaa nduguye au alitaka kuipunguzia mzigo stoo yake.

Sadaka ya kibovu

Hapa inafaa niya ipimwe kwa kipimo cha Qur'ani yenyewe. Katika Suratul Baqara waumini wamekatazwa kukusudia kutoa kilicho kibaya katika mali zao, kitu ambacho wao wenyewe wangepewa wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Kipimo hiki ni chepesi na kinatosha. Mwenye kufunga boksi ajiulize: lau chombo hiki ningeletewa mimi, ningekiweka sebuleni au ningetafuta pa kukitupa? Jawabu likiwa la pili, basi hiyo si sadaka, bali ni taka iliyohamishwa kutoka mlango wa tajiri kwenda mlango wa maskini, na maskini akalazimishwa kutoa shukurani juu yake.

Zaidi ya hayo, mwenye kuuza bidhaa yenye aibu hana budi kuibainisha, na kisa cha muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya iliyokauka kinajulikana. Ikiwa kuficha aibu ni khiyana kwa mnunuzi mwenye haki ya kurudisha, vipi kwa jamaa anayepokea zawadi, ambaye adabu inamzuia hata kusema kuwa haiwaki?

Liko na jambo la ahadi baina ya mataifa. Mkataba wa Basel, uliopitishwa 1989, unasimamia usafirishaji wa taka za hatari kutoka nchi moja hadi nyingine, na Oman na Tanzania zote zimo ndani yake. Tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za vyombo vya umeme, za sumu na zisizo za sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila ya nchi inayopokea kuarifiwa kwanza na kuridhia. Chombo kizima kinachotumika si taka. Chombo kibovu kilichofichwa baina ya magunia ya mchele ni taka. Na Muislamu ameamrishwa kutimiza ahadi, ikiwemo iliyofungwa na mtawala wake kwa maslahi ya watu.

Hoja ya rizki

Huenda ikasemwa: mafundi wa Darajani na Kariakoo wanaishi kwa vyombo hivi, na anayezuia vibovu amezuia rizki. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani ndani yake mna ukweli. Fundi anayefufua simu iliyokufa anafanya kazi yenye heshima, na huenda akawa ameokoa mali kuliko kiwanda kikubwa. Tani moja ya simu chakavu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodini. Kwa hiyo si ajabu watu wakatafuta maisha humo.

Jawabu ni kutenganisha. Simu yenye kioo kilichopasuka, ambayo spea yake ipo sokoni, ni rizki kwa fundi. Na apelekewe, akielezwa aibu yake. Ama televisheni ya chogo, betri iliyovimba na nyaya zisizo na kazi, hizo hazimpi fundi rizki ila kwa kuzichoma au kuzivunja kwa nyundo. Huko Agbogbloshie, katika mji wa Accra, vijana walichoma nyaya namna hiyo kwa miaka mingi mpaka serikali ya Ghana ilipolivunja eneo hilo mwaka 2021. Na kuvunjwa kwake hakukumaliza kazi hiyo, bali kuliisambaza. Umaskini wa mtu haumhalalishii mwenye uwezo kumnunulia chakula chake kwa mapafu yake. Anayetaka kumfaa na ampelekee kitu kizima, au ampelekee fedha. Na sumu ibakie katika nchi yenye tanuri la kuizuia.

Shukurani huanza dukani

Yote yaliyotangulia ni maneno ya mwisho wa chombo. Lakini taka haizaliwi jaani. Huzaliwa dukani, pale mtu anaponunua asichohitaji. Wanazuoni wa Kiibadhi wanatofautisha baina ya kufuru ya shirki na kufuru ya neema, na katika maana za neno hilo la pili ni kuipokea neema kisha kutoipa haki yake. Kushukuru si kusema alhamdulillahi wakati wa kufungua boksi peke yake. Ni kukitumia chombo kwa alichoumbiwa mja, na kukitunza mpaka manufaa yake yatimie.

Simu ina safari kabla haijafika mkononi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayotiwa katika betri, hutoka Kongo, katika ardhi ya Kolwezi na pembezoni mwake, ambako watu husema Kiswahili sokoni kama kinavyosemwa Maskati majumbani. Wako wanaoyachimba kwa mikono, ndani ya mashimo yanayoporomoka. Sehemu kubwa ya madhara ya simu kwa hewa na ardhi hutokea katika kutengenezwa kwake, sio katika kutumiwa kwake. Kwa hiyo anayekaa na simu moja miaka mitano badala ya miwili amefanya jambo kubwa kuliko aliyenunua simu tatu akazirejeleza zote kwa uangalifu.

Mafakihi wamegawa mahitaji kuwa ni dharura, haja na pambo. Simu ya kumjulia hali mama aliyeko Pemba ni haja. Kompyuta ya mwanafunzi ni haja. Kubadilisha simu nzima kwa sababu imetoka yenye rangi nyingine ni pambo. Na pambo likizidi huwa israfu, na israfu ikiendelea huwa ubadhirifu, na Qur'ani imewahesabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Mtume (S.A.W.) alikataza israfu ya maji ya udhu hata kwa aliye kando ya mto unaopita, basi wingi wa fedha si ruhusa ya kupoteza. Naye, pamoja na utukufu wake, alikuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake. Betri ya simu hubadilishwa kwa gharama ndogo, na kompyuta iliyozubaa mara nyingi huhitaji kusafishwa na kuongezewa kumbukumbu tu. Mtoto akiona kitu kinatengenezwa nyumbani, hujifunza kuwa kuharibika si mwisho wa thamani.

Yanayopasa kutendwa

Kwanza, chombo kizima kisicho na kazi kitolewe mapema. Familia nyingi zina kabati lililojaa simu. Simu iliyofaa kupewa mwanafunzi mwaka wa kwanza, ikikaa miaka minne betri huvimba, programu zake hukataliwa, na iliyokuwa sadaka inakuwa taka kwa kucheleweshwa tu.

Pili, kabla ya kutoa, siri za nyumba ziondolewe. Ndani ya simu mna picha za wake na mabinti, barua za watu na hesabu za fedha. Hizo ni amana, na stara ya ahli ni wajibu. Kilichomo kifutwe chote, laini na kadi ya kumbukumbu zitolewe. Na kompyuta isiyowaka ikabidhiwe mahala ambapo diski yake itaharibiwa.

Tatu, chombo kinachopelekwa kwa jamaa kijaribiwe siku ya kufungwa, kiambatane na chaja yake, na aibu yake iandikwe wazi. Kisichojaribiwa kisitiwe kontenani.

Nne, kisichofaa kibakie huku na kikabidhiwe wenye ujuzi. Nchi za Ghuba zina uwezo huo: Dubai kilifunguliwa kiwanda kikubwa cha kazi hii mwaka 2019, na Oman kampuni ya be'ah ndiyo iliyokabidhiwa usimamizi wa taka. Anayenunua kipya aulize dukani kama wanapokea cha zamani. Na yule anayepita mitaani akikusanya vyombo kwa gari aulizwe maswali mawili: ana kibali cha nani, na anavipeleka wapi? Asiyeweza kujibu asipewe, hata kama anatoa bei.

Tano, betri zisitupwe pamoja na taka za jikoni. Betri za simu zikibanwa ndani ya gari la taka hushika moto, na mfanyakazi aliye nyuma ya gari lile ni mtoto wa watu. Ikiwa kuondosha dhara njiani ni katika matawi ya imani, basi kutoliweka ni bora zaidi.

Aliyekwisha kutenda

Linabakia swali la mtu aliyekwisha kupeleka kabla ya kujua. Kutojua kuna udhuru, lakini kunakoma pale ujuzi unapofika. Na madhambi yanayohusu haki za waja hayaishii katika kujuta na kuomba msamaha. Haki irudishwe kwa mwenyewe. Kama vyombo bado vimekaa uani, apige simu leo: visichomwe, visivunjwe, viwekwe pakavu mbali na kisima, na jamaa waulize ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, namna ya kuvikabidhi, gharama zikiwa juu yake. Kama vimekwisha kuchomwa na aliyedhurika anajulikana, amtazame kwa matibabu. Na kama hajulikani, mafakihi wameeleza kuwa mali ambayo mwenyewe hajulikani huelekezwa kwa mafakiri. Naye afuate mfano huo, atoe katika kisima safi au katika tiba ya watoto wa mahala pale, akijua kuwa anatoa deni na hatoi hisani.

Hitimisho

Imedhihirika kuwa kukitupa chombo ni kitendo kama kukinunua, na kila kitendo kina mwenyewe. Mja ataulizwa juu ya mali yake, ameichuma wapi na ameitumia katika nini. Na chombo ni mali mpaka mwisho wake. Umbali wa bahari baina ya Maskati na Unguja haukati dhima, kama vile haukati udugu. Aliyeandika sadaka juu ya boksi ameandika ushahidi, na ushahidi huo utafunguliwa pamoja na kilichomo ndani.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kushukuru neema zake kwa kuzitunza, na awaepushe na kuwadhuru wasiowajua.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.